Siku ya Mchezo Kipa Hasemeshwi

Mjini Vrchovany, mji wa mpira wa magongo wa barafuni, kila mtu anajua kwamba siku ya mchezo kipa hasemeshwi. Muuza mkate humtilia mkate wake mkononi bila hata kumjulia hali. Padre akikutana naye njiani huinua kofia na kupita. Watu husema kwa utani kwamba hata mbwa wa jirani siku hiyo hubweka akiangalia pembeni. Kipa amebeba mji mzima kichwani, na neno moja la ovyo laweza kumwaga alichobeba.

Radana aliishika desturi hiyo miaka mitatu, tangu alipoanza kupendana na Bohdan Hrivnak. Asubuhi ile ya mchezo wa saba, wa kuamua nusu fainali, aliingia jikoni kwa akina Hrivnak kimya kimya, akavua viatu mlangoni, akavaa malapa ya wageni, akaketi kwenye benchi karibu na jiko. Akamtazama mchumba wake akila mayai yake matatu na mkate mweusi, kama kila siku ya mchezo.

Bohdan aliinua macho mara moja. Macho ya kijivu, yaliyotulia kama maji ya kisima. Radana akahisi moyo ukimruka, kama ulivyomruka siku ile ya kwanza Bohdan alipomletea glavu iliyochanika akasema, "Fundi, naomba unishonee, lakini usiharakishe, nataka nirudi kesho kuuliza kama imeshaisha." Alitamani amguse shavu tu. Lakini siku ya mchezo hata kugusa hakuruhusiwi.

Bohdan akachukua birika, akamimina chai.

Chai haikuingia kikombeni. Ilimwagika kando, ikatiririka juu ya kitambaa cha meza mpaka kwenye paja lake, na yeye akaendelea kumimina kidogo, kana kwamba kikombe ndicho kilichokosea. Kisha akasita. Akageuza kichwa chote kushoto, kama mtu anayetafuta kitu nyuma ya mlango, akakiona kikombe, akakivuta kwa kidole.

Radana akafumbua mdomo.

Mzee Vendelin, baba yake Bohdan, aliyekuwa amesimama dirishani, akainua kidole kimoja juu. Radana akaufumba.

Bohdan akanyanyuka kwenda kujilaza. Alipotoka, bega lake la kushoto liligonga kizingiti cha mlango kwa kishindo, vikombe vikalia kabatini. Hakusema hata "aah."

"Umeona hilo, baba?" Radana akanong'ona.

Mzee Vendelin akacheka. Alikuwa mtu mkubwa, pua imevunjika mara mbili, naye aliwahi kuwa kipa wa mji huu kwa miaka kumi na minane. "Nimeona nini? Kipa asiye na wazimu mkatie tiketi akakae na watazamaji. Mimi nilikuwa naongea na nguzo za goli, unajua? Ile ya kulia nilikuwa naiita Marta."

"Na mama alijua?"

"Ndiye aliyekuwa akiniuliza nikirudi, 'Marta hajambo?'" Akacheka tena, kisha uso ukabadilika. "Binti yangu, mwache. Leo ana mambo yake kichwani."

Na hilo la kichwani ndilo lililokuwa likimnyima Radana usingizi.

Siku kumi nyuma, katika mchezo wa tatu wa nusu fainali, mtu mmoja wa timu pinzani alipiga kile kisahani cheusi cha mpira mgumu kutoka hatua chache tu, nacho kikamkuta Bohdan kwenye helmeti, juu ya sikio. Mlio wake ulisikika mpaka chini ya majukwaa, kwenye chumba cha ushonaji alimokuwa Radana. Helmeti ilipasuka ufa mrefu kama unywele. Bohdan alipiga magoti, akatikisa kichwa, akagonga nguzo zote mbili kwa gongo lake, akaendelea. Siku hiyo walishinda, na uwanja mzima uliimba jina lake mpaka theluji ikaporomoka kutoka kwenye paa.

Kesho yake daktari wa klabu alimpima. Akampa ubao wa herufi asome, Bohdan akazisoma zote bila kukwama. Daktari akatia sahihi. Kumbe ubao ule ulikuwa umening'inia ukuta ule ule tangu Bohdan ana umri wa miaka sita, na herufi zake alizijua kama sala ya Baba Yetu.

Hilo nalo Radana alikuja kulijua baadaye.

*

Chumba chake cha kazi kilikuwa chini ya jukwaa la mashariki. Kulikuwa na meza ndefu, cherehani nzito, uzi wa nta, sindano nene na msharasi wa kutobolea ngozi. Humo walipita wachezaji wote wa Vrchovany na vitu vyao vilivyochanika, na Radana alivisoma vitu hivyo kama watu wengine wanavyosoma barua. Alijua nani anaumwa goti kabla goti lenyewe halijasema.

Saa saba mchana alipewa vikinga vya miguu vya Bohdan, vile vinene vinavyofika mpaka mapajani, akaze mshono uliolegea. Jozi ya akiba ilikuwa mezani tangu juzi, imefumuliwa yote, inangoja ngozi mpya. Akavilaza vikinga, akavipangusa kwa kitambaa, na mkono wake ukasimama.

Kisahani huacha alama nyeusi kila kinapogonga. Kwenye kikinga cha kulia alama zilikuwa katikati, zimejaa pamoja. Ndivyo inavyokuwa kwa kipa anayekiona kinapotoka. Kwenye kikinga cha kushoto alama za zamani nazo zilikuwa katikati, zimefifia. Lakini zile mpya, za siku kumi hizi, zote zilikuwa ukingoni. Pembeni kabisa. Nyingine zilikuwa nyuma, kwenye mikanda, mahali ambapo kisahani hakifiki ila kipa awe amegeuka akiwa amechelewa.

Alihesabu magoli waliyofungwa tangu siku ile. Saba. Akayapanga kichwani moja moja, yaliingilia wapi. Kushoto. Kushoto. Kushoto juu.

 Bohdan hakuwa anakiona kisahani. Upande mzima wa dunia ulikuwa umemtoweka, naye alikuwa anasimama golini kwa kubahatisha.

Akavitazama tena, taratibu, akitumaini amekosea. Hakuwa amekosea.

Akakumbuka maneno ya mama yake, Otilia, aliyekuwa hataki harusi ya mwezi wa tano. "Harusi ya Mei huita jeneza, mwanangu. Hata bibi yako alijua." Lakini kipa ataoa lini? Aprili yuko barafuni, Juni anaanza mazoezi ya kukimbia milimani. Mei ndiyo nafasi yao ya pekee. Radana alikuwa amemcheka mama yake. Sasa kicheko kile kilimrudia mdomoni kichungu.

Alimkuta Mzee Vendelin koridoni, akifunga utepe mpya kwenye gongo la mwanawe.

"Baba, Bohdan haoni upande wa kushoto."

Mzee hakuinua kichwa. "Nani kakwambia?"

"Vikinga vyake."

"Vikinga sasa vinazungumza? Basi na wewe ungefaa kuwa kipa."

"Baba, sifanyi mzaha. Njoo uone alama. Njoo uone mwenyewe, wewe si mgeni wa mambo haya. Chai asubuhi. Mlango. Juzi alinipita sokoni, nimesimama kushoto kwake, hatua mbili tu, hakuniona. Nikadhani amenuna."

"Siku ngapi amekuwa hivyo?"

"Tangu mchezo wa tatu."

"Na michezo hiyo tumeshinda mingapi?"

"Miwili," Radana akasema.

"Basi." Mzee akakata utepe kwa meno. Sauti yake ikawa ya chini, karibu ya kubembeleza. "Sikiliza, binti yangu. Miaka thelathini na moja iliyopita nilisimama hapo golini, mchezo wa saba kama huu. Dakika ya mwisho kisahani kikapita katikati ya miguu yangu. Mpaka leo nikiingia baa watoto wa waliokuwepo wanabana miguu wakicheka. Huyu kijana amekaa benchi miaka mitano nchi za watu, anawafungulia wenzake mlango wa kuingilia uwanjani. Miaka mitano! Leo kuna wageni wawili wa klabu ya Uswisi wamekuja kumtazama wapate kumsajili. Leo, siyo kesho. Kesho mpeleke kwa daktari unayemtaka, nitaendesha gari mwenyewe."

"Na kikimpata tena kichwani leo?"

"Hakitampata."

"Utakizuia wewe?"

Mzee Vendelin akaacha gongo. Akamtazama, na Radana akaona kwamba alikuwa anaogopa, na hofu ya mtu mkubwa namna ile ni kitu kibaya kukitazama.

"Ukimsemesha leo," akasema polepole, "ukamtoa mchezoni, basi hiyo harusi yenu sahau. Si mimi nitakayeivunja. Ni yeye mwenyewe. Unamjua."

Radana alimjua. Hilo ndilo lililouma.

*

Saa kumi na moja kasorobo jioni timu ilijipanga koridoni. Juu yao watu elfu nne walikuwa wakipiga miguu kwenye mbao za jukwaa, vumbi likidondoka kama unga. Kipa hutangulia mbele, wengine nyuma yake, mlango wa barafuni uko mbele umefungwa. Hakuna anayezungumza. Gejza Pluhar tu, kipa wa akiba, mwenye miaka thelathini na minne, aliyekuwa hajacheza tangu Krismasi, alikuwa nyuma kabisa akitafuna mbegu za alizeti.

"Radana, umenishonea kamba ya helmeti?" akamnong'oneza alipompita. "Maana mimi ikikatika nitashukuru Mungu, nitakwenda nyumbani."

Hakumjibu. Alipita kando ya ukuta, akiihesabu migongo yao, mpaka akafika mbele. Akasimama hatua moja kutoka kwa Bohdan, upande wa kushoto, chini ya taa.

Hakugeuka. Alikuwa anatazama mlango, midomo inamchezacheza.

Radana akavunja miaka mitatu ya kunyamaza. 

"Bohdan."

 Mtu nyuma akasema, "Yesu Maria." Mwingine akasema, "Mwondoeni huyo mwanamke, atatutia mkosi!"

Na Bohdan akageuka. Akageukia kulia, mwangwi ulikotokea. Akatazama ukuta mtupu uliokuwa kulia kwake, akautazama kwa upole, jinsi anavyomtazama mchumba wake, akasema, "Radana? Leo si siku ya kunisemesha, mpenzi wangu."

 Radana hakusogea. Alikuwa hapo hapo, kushoto kwake, karibu kiasi cha kumpulizia pumzi shingoni, na macho ya Bohdan hayakumwona.

Mzee Vendelin alikuwa amesimama pembeni ya mlango na chupa ya maji. Aliona. Wote waliona, lakini yeye aliona kama baba.  Radana akamtazama kwa macho ya kuomba, akangoja.

Mzee akamsogelea mwanawe. Akamgonga kikinga cha kulia, akamgonga cha kushoto, kama alivyomgonga kabla ya kila mchezo tangu utotoni.

"Twende, mwanangu," akasema kwa sauti iliyopasuka. "Fungueni mlango."

Radana akapiga magoti. Watu walidhani amezimia. Alikuwa na kisu chake cha kukatia ngozi mfukoni mwa aproni, na kabla ya mtu kuelewa, kilikuwa kimepita kwenye mikanda ya kikinga cha kushoto, ukanda wa juu, wa katikati, wa chini, yote imekatwa kwenye mashina yake. Kikinga kikaanguka upande kama gome la mti.

"Umefanya nini?" Bohdan akasema. Sasa alimwona, maana alikuwa chini mbele yake. "Radana, umefanya nini?"

"Leo huchezi."

"Jozi ya akiba!" kocha akapaza sauti kutoka nyuma. "Leteni jozi ya akiba!"

"Iko mezani kwangu," Radana akasema, bado amepiga magoti. "Imefumuliwa vipande kumi na vitatu."

Gejza Pluhar akatema maganda ya alizeti kiganjani. Akajipapasa kutafuta helmeti yake. "Mama yangu mzazi," akasema, na mlango ukafunguka, na kelele zikaingia.

*

Chumba cha kubadilishia nguo kilinuka jasho na machungwa. Bohdan alikuwa ameketi mahali pake, mguu mmoja una kikinga, mwingine hauna. Juu yao mbao zilikuwa zinalia. Kikinga kilikuwa kwenye mapaja ya Radana.

"Shona," Bohdan akasema.

"Bohdan..."

"Nimesema shona. Nitaingia kipindi cha pili. Shona, halafu nenda, sitaki kukuona tena maishani mwangu."

Alisema bila kupiga kelele, na ingekuwa nafuu angepiga. Radana akatunga uzi. Akatoboa kwa msharasi, akapitisha sindano, akavuta. Tundu moja. Akalainisha uzi kwa nta tena. Tundu la pili.

"Ulijua tangu lini?" akauliza, macho kwenye ngozi.

 "Tangu usiku ule ule. Nilidhani ni mwanga wa taa." Akapangusa uso. "Halafu nikajifunza. Nikawa nawasikiliza. Gongo lina sauti yake likigusa barafu, unajua? Nikawa nafuata sauti."

"Na magoli saba?"

"Hayo hayakuwa na sauti."

"Kwa nini hukuniambia hata mimi?"

"Ningekuambia, ungenitazama kama unavyonitazama sasa." Akainamisha kichwa. "Nimekuwa mtu wa kungoja maisha yangu yote, Radana. Wiki mbili hizi ndizo watu walizonijua jina. Mficha maradhi kilio humfichua, najua. Nilitaka kilio kisubiri mpaka Mei."

Machozi yakamdondoka Radana kwenye ngozi, akayafuta kwa kidole gumba asipate kuteleza. Akatoboa tundu la tano. Kazi hiyo siku nyingine ingemchukua robo saa. Sasa kila mshono aliuvuta, akaukagua, akaufumua, akaurudia.

Bohdan aliusikiliza uzi ukipita.

"Unashona taratibu sana," akasema.

"Ngozi ni ngumu."

"Ngozi hiyo?"

"Ngumu sana, mpenzi wangu."

 Mkono wa Bohdan ulikuja juu ya goti la Radana, ukapapasa, ukatulia hapo, na Radana akajua kwamba amemwelewa, na kwamba hatamharakisha. Wakakaa hivyo. Juu yao watu walinguruma, wakanyamaza, wakanguruma tena. Alitamani kipindi kile kisiishe.

Mlango ukasukumwa. Mzee Vendelin aliingia, jasho linamtiririka. "Gejza amefungwa mawili, lakini anajitahidi, mzee mzima anajitupa kama paka. Kikinga vipi?"

"Bado ukanda mmoja," Radana akasema.

"Ukanda mmoja anaweza kucheza. Mwanangu, wale Waswisi bado wamekaa. Unasemaje?"

Bohdan aliinuka. Radana akaona rangi imemtoka usoni, midomo imekuwa kama chaki. Aliweka mkono kichwani, juu ya sikio, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mtu.

"Baba," akasema. "Mbona mmezima taa?"

Taa zote zilikuwa zinawaka. Mirija minne mirefu ya darini, nyeupe, ikiunguruma.

Mzee Vendelin alizitazama taa, kisha akamtazama mwanawe. Halafu akageuka akakimbia. Mtu yule mkubwa, na magoti yale mabovu, alikimbia koridoni akimwita daktari kwa sauti ambayo hata kelele za watu elfu nne hazikuweza kuifunika.

"Radana? Waambie wawashe."

Alitupa sindano, akamshika kiunoni kwa mikono miwili. Alikuwa mzito. Angeweza kumwambia kwamba umeme umekatika. Neno hilo lilimfika mdomoni.

"Taa hazijazimwa, mpenzi wangu," akasema. "Keti. Keti taratibu, nimekushika."

Bohdan akaketi. Akautafuta mkono wa Radana hewani, akaupata, akaubana kifuani na kuufunika kwa viganja vyake vyote viwili, akauinamia kwa kichwa na mabega, jinsi kipa anavyokifunika kisahani akingoja filimbi ya kusimamisha mchezo ipulizwe.